Mwaka wa Bustani ya Maua Pwani: Majani ni ya Mvua, Maua ni ya Jua

Bustani ya maua ya Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, haifuati kalenda ya ukutani. Inafuata mvua mbili na pepo mbili. Mwenye bustani asiyelijua hilo hupata majani mengi na maua machache, na kila mwaka huuliza lile lile: mbona mimea imestawi hivi lakini haichanui? Kwa mimea mingi ya Pwani jibu ni fupi. Mvua hujenga majani na matawi. Jua linalofuata baada ya mvua ndilo linaloyaita maua. Kazi ya mwaka mzima ni kuipa mimea maji wakati wa kujenga na kuyapunguza wakati wa kuchanua.

Ratiba iliyoelezwa hapa ni ya ukanda wa chini, wenye joto na chumvi hewani. Lushoto, Arusha na Nairobi zina baridi yake na udongo wake, na mwaridi wa huko hauna shida za mwaridi wa Mbagala, Dar es Salaam. Anayeishi milimani atafaidika na hatua za kazi, lakini miezi aipange upya.

Misimu ya kupimia kazi

- Masika, Machi hadi Mei: mvua kubwa, ambayo Dar es Salaam kwa kawaida hufika kileleni Aprili.
- Kipupwe, Juni hadi Agosti: ukavu, ubaridi kiasi, upepo wa kusi.
- Demani, Septemba hadi katikati ya Oktoba: pepo zinatulia, joto linarudi, ardhi bado kavu.
- Vuli, mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba: mvua ndogo, isiyoaminika. Kuna miaka ambayo mvua hiyo huja kwa wiki mbili na kuondoka.
- Kiangazi, Januari na Februari: jua kali na upepo wa kaskazi.

Wazee wa Pwani walihesabu kwa namna iliyo bora kuliko miezi. Walianzia Nairuzi, Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi, Unguja, huadhimishwa kila Julai kwa Mwaka Kogwa, wakagawa siku 365 katika miongo ya siku kumi kumi na kutaja kila kazi kwa mwongo wake. Mwenye bustani wa leo anaweza kufanya jambo linalofanana na hilo kwa daftari la shilingi chache: tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya kupanda, tarehe ya ua la kwanza. Baada ya miaka 2 daftari hilo litamfaa kuliko ushauri wa muuza miche.

Februari: kazi ya jembe

Makosa ya Aprili hufanyika Februari, wakati ardhi imekauka na hakuna anayetamani kushika jembe. Mashimo ya mimea ya kudumu huchimbwa sasa, sentimita 45 kwenda chini na upana kama huo, udongo wa juu ukiwekwa upande mmoja na wa chini upande mwingine. Udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza, debe moja kwa shimo, kisha hurudishwa wa kwanza. Shimo huachwa lishuke lenyewe hadi mvua zianze.

Kabla ya kujaza, shimo moja lijaribiwe. Limiminiwe maji hadi juu, liachwe. Maji yakiwa yamekwisha baada ya saa chache, mahali hapo panafaa. Yakiwa bado yapo kesho yake asubuhi, ua lolote litakalopandwa hapo litaoza mizizi mwezi Aprili, hata lipewe mbolea ya namna gani. Dawa yake ni kuinua tuta sentimita 20 hadi 30 au kuhamia mahali pengine. Kumwaga mchanga kidogo ndani ya shimo la mfinyanzi hakusaidii: shimo linabaki bakuli lilelile la kutega maji.

Mambo matatu kuhusu udongo wa Pwani huwaponyoka wengi:

- Mchanga wa ufukweni usitumike. Una chumvi. Wa mtoni ndio unaofaa.
- Samadi ya kuku ni kali. Ikae miezi 2 hadi 3 imefunikwa, imwagiliwe na kugeuzwa, mpaka iishe harufu. Ikiwekwa mbichi huunguza mizizi, na mche hunyauka ukiwa na maji tele.
- Majivu na chokaa si dawa ya kila kitu. Sehemu nyingi za Unguja na mwambao zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na udongo wake tayari una chokaa ya kutosha. Kuongeza majivu hapo ni kuzidisha ugonjwa.

Jambo hili la tatu huonekana waziwazi kwenye iksora, ule mti mfupi wenye vishada vyekundu unaopandwa kandokando ya njia za nyumba. Jani lake changa hutoka la manjano, mishipa ikabaki kijani kama mchoro wa ramani. Wengi huona njaa na kuongeza Urea. Chuma kimo ardhini, ila chokaa imekifunga na mizizi haiwezi kukichukua. Urea haifungui kufuli hilo. Iksora ya aina hiyo ihamishiwe kwenye tuta la udongo mwekundu na mboji, au kwenye chungu, na dawa ya kupuliza yenye madini ya chuma itumike kama inapatikana duka la pembejeo.

Masika: msimu wa vipandikizi

Mvua ikishalowesha ardhi kwa kina cha kiganja, kwa kawaida katikati ya Machi au mwishoni mwake, miti ya maua na vichaka huingia ardhini: bogainvilia, haibiskasi, mwasumini, alamanda, iksora, mlangilangi. Mche uliopandwa wiki hizi una miezi miwili ya maji ya bure. Uliopandwa Julai utamwagiliwa kwa ndoo.

Huu pia ndio msimu wa kuzalisha miche nyumbani, kwa sababu hewa yenyewe ina unyevu na kipandikizi hakikauki. Hatua ni hizi:

1. Kata tawi lililokomaa nusu, nene kama penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Tawi laini la kijani huoza; gumu sana huchelewa kutoa mizizi.
2. Sehemu ya chini ikatwe mshazari chini kidogo ya kifundo, ya juu ikatwe bapa. Hivyo hakuna atakayekipanda kichwa chini, kosa linalotokea hata kwa wenye uzoefu.
3. Majani ya chini yaondolewe yote, ya juu yabaki mawili au matatu, tena yakiwa makubwa yakatwe nusu.
4. Kizikwe theluthi mbili kwenye kiriba chenye mchanga wa mtoni na udongo, nusu kwa nusu. Samadi isiwekwe bado.
5. Viriba vikae chini ya mti, pasipo jua la moja kwa moja, na vitobolewe chini ili maji yatoke.

Haibiskasi hutoa mizizi ndani ya wiki 4 hadi 6. Bogainvilia ni mkaidi. Wiki 6 hadi 8, wakati mwingine miezi 3, na nusu ya vipandikizi kufa si ajabu. Kipandikizi kikichipua majani haraka kisivutwe kuangaliwa kama kimeshika. Majani ya kwanza hutoka kwa akiba ya tawi lenyewe, kabla hakijapata mzizi hata mmoja.

Swali la kawaida hapa: kama mvua ipo, kwa nini mbegu za zinia na marigoldi zisipandwe Aprili? Zinaweza kupandwa, na nyingi zitaota. Kisha matone makubwa huzilaza, udongo unaoruka hubandika vimelea kwenye majani, shina changa huoza pale linapogusana na udongo, na konokono humalizia usiku. Pakiti za mbegu kutoka Ulaya huandika kupanda Machi na Aprili kwa sababu huko ndipo baridi inapokwisha. Machi ya Uholanzi haina uhusiano wowote na Machi ya Tanga.

Kazi nyingine za masika ni za ulinzi. Mifereji izibuliwe. Matandazo yasogezwe mbali kidogo na mashina ili yasiozeshe magome. Konokono waokotwe kwa mkono usiku na tochi, hasa baada ya mvua ya jioni. Kibao kilichowekwa chini chenye unyevu huwakusanya hadi asubuhi. Majani ya mwaridi yenye madoa meusi yaokotwe na kuchomwa, yasiachwe chini wala kutupwa kwenye mboji, maana ugonjwa hungoja humo humo.

Kipupwe: maua ya mbegu

Kuanzia mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zinapungua na usiku ukianza kupoa, unaanza msimu mzuri kuliko yote kwa maua ya msimu mmoja. Zinia, marigoldi, kosmosi na alizeti za mapambo hupandwa sasa ili zichanue kati ya Julai na Septemba. Ardhi bado ina unyevu wa masika, magonjwa ya ukungu yamepungua, na jua halichomi.

Tuta la kitalu huwa na upana wa mita 1 ili katikati pafikiwe bila kukanyaga. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyooza na 1 ya mchanga wa mtoni. Mbegu za zinia huzikwa kina cha sentimita 1, zile ndogo zaidi hunyunyizwa juu na kufunikwa kwa udongo uliochekechwa. Tuta hufunikwa nyasi kavu, na nyasi hizo huondolewa jioni ya siku ambayo miche ya kwanza imechungulia. Zikicheleweshwa siku 2 tu, miche hurefuka, hupauka na kuanguka. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri, kwa sababu zinia huota ndani ya siku 4 hadi 7 na wao walipanga kuangalia kitalu Jumapili.

Mche wenye majani manne hadi sita ya kweli huhamishwa jioni. Kitalu kimwagiliwe kwanza, mche uinuliwe na udongo wake kwa kijiti, ushikwe kwenye jani na si kwenye shina. Jani likikatika litaota jingine. Shina likibonyea, mche umekwisha. Nafasi ni sentimita 25 hadi 30. Nafasi hiyo huonekana ya kipuuzi siku ya kupanda, bustani ikionekana kama kichwa kilichonyolewa vibaya, na wengi hushindwa kujizuia wakabana miche. Mwezi wa pili majani yanagusana, hewa haipiti, na ubwiri unga huenea kama vumbi la chokaa kutoka jani hadi jani.

Ncha ya zinia na marigoldi hukatwa kwa kucha mmea ukifika urefu wa kiganja. Inauma kuikata, hasa kwa mche ulioangaliwa tangu mbegu, lakini shina moja hugeuka manne na maua huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ua la kwanza huchelewa siku kumi hivi. Baadaye kila ua linalozeeka likatwe kabla halijafunga mbegu, isipokuwa machache yanayoachwa kwa ajili ya mwaka ujao.

Mwaridi nao hupogolewa mwanzoni mwa Juni. Matawi makavu, membamba na yanayosuguana huondolewa, yabaki 3 hadi 5 yenye nguvu, yakatwe urefu wa goti juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Baada ya wiki 6 hadi 8 maua hufunguka. Anayetarajia waridi refu la duka la maua lazima ajue kwamba lile mara nyingi limekuja kwa gari au ndege kutoka mashamba ya nyanda za juu, kama Arusha au Naivasha, penye usiku wa baridi. Waridi la Pwani huwa dogo zaidi na hufunguka upesi kwa joto. Harufu yake haina kasoro.

Walio karibu na bahari wana tatizo la ziada la kusi, ambayo hubeba chumvi na kuunguza kingo za majani. Upande wa upepo hupandwa mimea inayovumilia, kama bogainvilia, franjipani na waridi la jangwani, na maua laini hukaa nyuma yake.

Demani: kwa nini bogainvilia haichanui

Hakuna ua linaloulizwa zaidi ya hili. Limepandwa kwenye kila ukuta, na kwenye nusu ya kuta hizo ni majani matupu mwaka mzima. Kinachoitwa ua la bogainvilia kwa kweli ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kibomba cheupe kidogo kilicho katikati. Mmea asili yake ni Amerika ya Kusini, na huyatoa majani hayo ya rangi unapoona ukame umekuja. Ukinyweshwa kila siku hauna sababu ya kuchanua.

Sababu za kukosa maua, kwa mpangilio wa mara zinavyotokea:

- Maji mengi. Bogainvilia iliyopakana na ukoka unaomwagiliwa kila jioni hunywa pamoja nao.
- Mkasi. Maua hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya. Anayenyoa ukuta wake kila baada ya wiki 2 ili uwe bapa huyakata kabla hayajatokea.
- Kivuli. Saa 6 za jua la moja kwa moja ndicho kiwango cha chini.
- Urea, au samadi nyingi. Naitrojeni ni chakula cha majani.

Tiba huanza Agosti. Mmea hupogolewa mara moja, matawi marefu yakipunguzwa kwa theluthi, kisha mkasi huwekwa kabatini. Maji hukatwa. Mmea uliokomaa ardhini haumwagiliwi kabisa. Ulio kwenye chungu hungojwa hadi majani yaanze kulegea saa za mchana, ndipo hupewa maji ya kutosha mara moja na kuachwa tena. Mizunguko mitatu au minne ya namna hii kwa kawaida hutosha. Kuulegeza si kuuua: majani yakianza kukauka kingo na kupukutika kwa wingi, kipimo kimepitilizwa.

Pingamizi hujitokeza hapo hapo: jirani humwagilia kila siku na yake inachanua. Mara nyingi ya jirani imo kwenye chungu kidogo chenye mizizi iliyobanana, au imepandwa juu ya kifusi cha ujenzi ambako maji hayakai hata dakika. Ukame unaipata kwa njia nyingine.

Kwa miche mipya kuna onyo moja. Mizizi ya bogainvilia ni myepesi kukatika, kwa hiyo kiriba hupasuliwa kwa wembe mche ukiwa tayari shimoni, udongo wake usivunjike. Kuuvuta kwa shina ni kuupanda bila mizizi.

Sheria hii ya kukata maji haihusu kila mmea. Haibiskasi ni kinyume chake kabisa: ikikauka hudondosha matumba yote kabla hayajafunguka. Franjipani nayo hupukutisha majani wakati wa ukavu na kubaki matawi manene ya kijivu, na hapo ndipo mwenyewe huogopa, akaanza kuumwagilia kila siku mti ambao umelala tu. Ukikwaruzwa kidogo kwa kucha na chini ya ganda pakawa kijani, uko hai. Uachwe. Maji mengi wakati umelala huozesha shina kuanzia chini.

Vuli: mvua ya kujazia

Mikrismasi, ile miti ya maua mekundu, inapowaka barabarani mwezi Novemba, vuli iko karibu au imeshafika. Ni mti wa kutazamwa kwa mbali. Katika kiwanja kidogo haufai hata kidogo: mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi na hunyanyua sakafu, karo na ukuta.

Vuli hutumika kujaza mapengo: miche iliyokufa wakati wa kipupwe, vipandikizi vya masika vilivyokomaa kwenye viriba, mafungu ya kana yaliyobanana na kuhitaji kugawanywa. Mimea mikubwa ya gharama ingoje masika, maana vuli ikikatika mapema Desemba, mche mchanga utaingia kiangazi bila mizizi ya kina. Ni vizuri pia mapipa yawekwe chini ya michirizi ya bati sasa. Maji hayo yatakuwa dhahabu mwezi Februari.

Mvua hizo hizo huamsha matunguu yaliyolala. Lipo moja la asili ya Afrika, ambalo wataalamu huliita Scadoxus, linalochomoza bila kutangaza na kufungua ua jekundu la duara kama mpira wa nyuzi. Mahali lilipo pawekewe kijiti cha alama wakati lina majani, la sivyo jembe la Oktoba litalipasua.

Kiangazi: maji, kivuli na asumini

Januari na Februari hakuna kupanda. Ukiacha mashimo ya Februari, kazi ni kuhifadhi. Kichaka kilichokomaa hupewa ndoo moja ya lita 10 mara 2 kwa wiki, ikimiminwa taratibu kwenye shina hadi izame. Kunyunyiza juu juu kila jioni hulowesha sentimita 2 za udongo, mizizi ikapanda juu kutafuta maji hayo, kisha jua la saa 7 mchana likaikuta huko. Wakati unaofaa ni alfajiri hadi saa 2 asubuhi. Matandazo ya nyasi kavu, majani au makapi ya mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 8, huokoa maji mengi kuliko bomba lolote, ila yakaguliwe kila wiki kama mchwa hawajajenga humo.

Maji ya kisima yana hila yake Pwani. Yakiacha utando mweupe kwenye sufuria, yataacha pia kwenye vyungu, na baada ya miezi kingo za majani huungua kama zimepitishwa moto. Kila mwezi chungu kimiminiwe maji ya mvua au ya bomba mara 2 ya ujazo wake, yapite yote chini, ili chumvi ioshwe.

Utitiri mwekundu hupenda joto hili. Jani huwa na vidoa vya manjano na nyuzi nyembamba upande wa chini. Bomba la maji likielekezwa kwa nguvu upande huo, siku 3 mfululizo, mara nyingi hutosha. Kwa vidukari na wadudu weupe wenye unga kama pamba, mwarobaini hufanya kazi: kilo 1 ya majani mabichi yaliyopondwa hulowekwa usiku kucha katika lita 5 za maji, huchujwa, huongezwa sabuni kidogo na kupuliziwa jioni. Ikipuliziwa mchana wa jua huunguza majani. Irudiwe kila wiki, kwani mvua na jua huimaliza nguvu upesi.

Wakati mimea mingine inahema, mwasumini huwa kwenye raha yake, mradi upate maji. Hutoa matumba kwenye ncha za machipukizi mapya, kwa hiyo siri yake ni kuupogoa mara kwa mara: baada ya kila wimbi la maua, ncha hukatwa kwa urefu wa kidole, mmea hupewa mboji na maji, na wimbi jingine huja. Mwasumini ambao haujakatwa miaka miwili huwa kichaka cha vijiti vyenye maua machache juu ya paa.

Matumba huchumwa kuanzia saa 10 jioni. La kuchuma ni lile lililonenepa, jeupe kabisa, limefumba bado. Lenye ukijani halitafunguka, na lililokwisha kufunguka litakuwa limekauka rangi ya kahawia kesho. Yakiwekwa kwenye kitambaa chenye unyevu hufunguka pamoja baada ya magharibi, na chumba kizima hujua. Anayetaka bustani ya kikuba kamili, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia, huongeza mrehani, ambao huota popote penye jua, na mkilua, ambao hutaka kivuli na subira ya miaka. Mkilua ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na jina lake la kisayansi, Mkilua fragrans, limechukuliwa kutoka Kiswahili chenyewe. Mlangilangi hukua hadi kumpita mchumaji. Hukatwa kilele ukifika mita 2, na matawi yake huinamishwa.

Vyungu na mbu

Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi, ikiwemo ya 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji machache safi, kama yale ya kisahani cha chungu. Yai hadi mbu mkubwa huweza kuchukua siku 7 hadi 10. Kwa hiyo visahani vyote humwagwa na kusuguliwa kila wiki, siku ile ile ya wiki ili isisahaulike, au hujazwa mchanga. Mapipa ya mvua yafunikwe kwa wavu.

Mimea ya kupandwa kwa tahadhari

- Oleanda: sehemu zote ni sumu, hata moshi wa matawi yake. Yasichomwe na takataka wala yasitumike kama mishikaki.
- Waridi la jangwani: utomvu wake ulitumika kwenye mishale ya wawindaji. Mikono ioshwe baada ya kupogoa.
- Alamanda: utomvu huwasha ngozi, na ukimezwa huharisha.
- Tunguu la Scadoxus: ni sumu, na kwa mtoto hufanana na kitunguu.

Penye watoto wanaotambaa au mbuzi wanaofunguliwa, minne hii hukaa nyuma ya uzio au haipandwi.